Maganda ya Mkebe Mwekundu

Nimelala katika mabanda mengi ya watu, lakini banda la mzee Tamehana ndilo pekee ambamo niliogopa kugusa kitu. Kila kitu kilikuwa na msumari wake. Lijamu la farasi msumari wake, msumeno msumari wake, mpaka fimbo ya kupigia nzi. Na chini ya dirisha, mahali mwanga wa asubuhi unapoangukia, palikuwa na meza ya kujazia risasi: mashine ndogo ya chuma yenye mkono kama wa pampu ya kisima, mizani iliyofunikwa kitambaa, na juu yake rafu yenye mikebe miwili ya biskuti. Mmoja mwekundu, mmoja wa kijani.

Niliogopa, lakini niligusa. Majira ya baridi yaliyotangulia habari hii nilitafuta chombo cha kuwekea skrubu. Nikafungua mkebe wa kijani, nikakuta maganda ya risasi yaliyokwisha pigwa. Nikafungua mwekundu, nikakuta maganda vilevile, ukubwa uleule, yote ya bunduki za aina ya 303. Nikayamimina ya kijani ndani ya mwekundu, nikatia skrubu zangu kwenye mkebe uliobaki mtupu, nikafagia sakafu na kujiona mtu msafi sana. Sikumwambia yeyote. Nani anatangaza kwamba amefagia?

Nilikuja bonde lile kukata manyoya ya kondoo kwa wiki mbili, na mwaka ule ulikuwa wa kumi na tisa. Wananiita Viatu, maana siku ya kwanza nilishuka mlimani peku, viatu nimevitundika shingoni ili visiishe soli.

Basi mwaka ule marae yetu, ule uwanja na nyumba zake ambapo ukoo hupokea wageni, ilikuwa inafungua ukumbi mpya wa chakula. Wageni walikuwa watu wa pwani. Mwaka mmoja kabla, wao ndio waliotualika, na walitulisha kome na kamba wa baharini hata mimi nilifungua kifungo cha suruali mbele ya mchungaji. Sasa zamu ilikuwa yetu. Kila ukoo una chakula unachojulikana nacho. Cha kwetu ni nyama ya kulungu wa mlimani, na tangu enzi za babu yake Tamehana, nyumba yake ndiyo huileta, nayo ndiyo sahani ya kwanza kuwekwa mbele ya wazee wa wageni. Nguruwe na kondoo waliookwa shimoni huja baadaye, wa mtu yeyote. Sahani ya kwanza ni ya nyumba ile.

Lakini Tamehana alikuwa na miaka themanini na sita, macho yameingia ukungu na mikono inatetemeka. Wanawe wawili wa kiume walikwishakwenda Australia kuchimba madini. Aliyebaki ni Parehuia, binti yake, mwanamke wa miaka hamsini na moja, dereva wa basi la shule. Alikuwa ameua kulungu tangu usichana, ila kila ilipofika siku ya sahani ya kwanza, kaka zake walimtangulia mlangoni na bunduki.

Kamati ilikaa jikoni. Akasimama Hohepa, mtoto wa marehemu Eruera, mdogo wake Tamehana. Mtu mzuri tu, ila ana mdomo.

"Baba mkubwa, mwaka huu pumzikeni," alisema. "Nitaleta mimi. Nina bunduki mpya, nina darubini, nina gari. Alhamisi napanda, Alhamisi nashuka."

Kila mtu alijua sahani ikihama nyumba mara moja hairudi. Tamehana aliinamisha uso kwenye kikombe chake cha chai.

"Nitaleta mimi," Parehuia akasema.

"Wewe dada una basi."

"Basi lina breki. Nitaliegesha."

Watu wakacheka, lakini kamati ikakata shauri: Ijumaa saa sita mchana kama nyama haitakuwa kwenye ndoano ya jikoni, Hohepa ataleta yake. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nje, Hohepa alimfuata dada yake hadi kwenye gari. Sikumwona na ubaya. Alifungua buti akatoa bunduki yake, ndefu, inang'aa, risasi zake kama vidole vya mtu mnene.

"Chukua hii basi. Mita mia tano, unabonyeza tu, mnyama analala."

"Mita mia tano nitazipata wapi kule juu? Kule ukinyoosha mkono unagusa mti."

"Si utapiga karibu?"

"Nikipiga karibu na hilo dude lako bega lote linageuka jemu. Niwape wazee wa pwani jemu?"

"Utabeba lile gongo la Baba mkubwa? Lile lilipigana vita, dada. Lina haki ya pensheni."

"Linapata pensheni yake kwangu," Parehuia alisema, akafunga mlango.

Kama unataka kujua, alikuwa na sababu zaidi ya kiburi. Misitu yetu ni mizito, majani marefu ya kangaga yanakufika kifuani, na kulungu unamwona hatua sitini, sabini, mwisho mia. Risasi yenye mbio inafika pale bado ina hasira zake zote, inapasuka na kuharibu nyama pande zote. Kichwa kizito cha 303, kile chenye pua ya duara, kinaingia, kinafanya kazi yake, kinatoka. Tamehana alikuwa akisema hivi: "Risasi ya haraka ikigusa kijiti inachanganyikiwa. Hii yangu inakwenda kama mzee anayekwenda kanisani." Dukani zilikuwepo 303, lakini za vichwa vyepesi vyenye ncha, na bunduki ya Tamehana haikuzipenda, ilizitupa mkono wa kushoto. Tena lilikuwepo lile sharti la nyumba yao: anayepeleka sahani ndiye anayejaza risasi. Hawezi kujaziwa.

Jumatano, alipomaliza kurudisha watoto wa shule, tulikaa mezani watatu. Parehuia kwenye mashine, mimi wa kumpa vitu, mzee kwenye kiti chake karibu na mlango, blanketi magotini, akisikiliza. Niseme alikuwa anaona kwa masikio.

"Waya," akasema.

Parehuia alichukua waya wa tairi la baiskeli uliopindwa ncha kidogo na kunolewa. Aliuingiza katika kila ganda akakwangua polepole kutoka chini kwenda juu. Ganda lililochoka linakuwa na mfereji mwembamba ndani, karibu na kitako, jicho haliuoni ila ncha ya waya inakwama hapo. Likikwama linakwenda ndooni, maana siku moja litakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Alipima maganda ishirini na mawili. Kumi na mawili yalilia ndooni. Yakabaki kumi.

"Nipe moja," mzee akasema.

Akampa. Tamehana alilizungusha vidoleni, ukucha wa dole gumba ukapita kwenye ukingo wa kitako chake, mara mbili, akatabasamu.

"Huyu wangu. Amemng'ata."

"Nani amemng'ata, Baba?"

"Bunduki. Ile kucha inayovuta ganda ina jino lililovunjika tangu mwaka ule nilipoiangusha mtoni. Kila ganda inaliachia mikwaruzo miwili hapa ukingoni, kama panya mwenye meno mawili. Shika."

Parehuia akashika, akapitisha ukucha, akasema "Ndiyo, naisikia," akaliweka pamoja na mengine. Mimi nilikuwa nachambua viwashio, vile vifuniko vidogo vinavyowasha baruti, sikutia maanani. Laiti ningetia, ningeuliza na yale mengine yana nini.

Ukweli ni huu. Kwenye meza ile walibana shingo ya ganda tu, ili ishike kichwa kipya cha risasi. Sehemu iliyobaki hawakuigusa. Ganda likishapigwa limetanuka likachukua umbo la tumbo la bunduki ile, yaani chumba risasi inamokaa, kama suti iliyoshonwa na fundi kwa mwili wa mtu mmoja. Hizo 303 zilitengenezwa za vita, kwa haraka, kila moja na tumbo lake. Suti ya mmoja haimwingii mwingine. Hayo niliyajua. Nisichokijua wakati ule ni kwamba mkebe wa kijani ulikuwa wa Eruera. Ndugu wawili walijaza risasi meza moja maisha yao yote, na Eruera alipofariki mkebe wake ulibaki pale, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuondoa. Ila mimi na skrubu zangu.

Parehuia alijaza. Ningependa mumwone. Mikono inayozungusha usukani wa basi siku nzima, lakini akimimina baruti kwenye mizani alishusha punje moja moja kwa kugonga kijiko na kidole kidogo, na pumzi ameizuia. Alipovuta mkono wa mashine kuketisha kichwa cha risasi, alivuta mpaka mwisho, akaurudisha, akaligeuza ganda nusu, akavuta tena. Hivyo ndivyo kaka zake walivyofundishwa. Yeye hakufundishwa, aliangalia tu akiwa anaosha vyombo.

"Zingapi?" mzee akauliza.

"Kumi."

"Peleka nje, elekeza kwenye kilima, pitisha kila moja bundukini. Kila moja, mama. Iingie, komeo lifunge, itoke."

Parehuia alikuwa anainuka, mara Hohepa akapiga honi barabarani kuuliza kama bado tunasali juu ya gongo. Parehuia akaenda kumjibu, na jibu lilikuwa refu. Nikachukua bunduki na risasi nikatoka nje. Mvua ilikuwa imeanza. Nikapitisha ya kwanza, ikaingia kama kisu kwenye siagi. Ya pili. Ya tatu. Maji yananiingia shingoni. Nikajisemea, Viatu, tatu zikipita zote zitapita, zimetoka mkebe mmoja. Nikarudi ndani nikaziweka kumi zote kwenye kisanduku.

"Tayari?" Parehuia aliporudi aliuliza.

"Tayari," nikasema.

Alhamisi hakwenda kazini. Mke wa mchungaji aliendesha basi. Tulipanda kabla jua halijatoka, yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wa kubebea. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, majira ya joto yanaisha, madume bado hawajaanza kunguruma na mafuta yamejaa mgongoni. Mwezi mmoja baadaye nyama yao inanuka kama soksi. Mvua ilikuwa imekatika usiku na msitu wote unadondoka matone, kitu kizuri, maana husikiki ukitembea.

Kwetu hatutembei na risasi ndani ya tumbo la bunduki. Magazini, kile kikasha cha risasi chini ya bunduki, imejaa, ndiyo, lakini komeo limevutwa nyuma, tumbo tupu, mpaka umwone mnyama na ujue ni mnyama. Tamehana alimzika rafiki yake kwa sababu ya mtu aliyesahau jambo hilo. Kwa hiyo Parehuia alikuwa na tano katika magazini, tano mfukoni, na hakuna hata moja iliyokwisha kuingia tumboni asubuhi ile.

Saa tatu hivi tulifika juu ya mahali ambapo mlima uliporomoka zamani na majani mabichi yamemea. Akainua mkono. Nikachuchumaa.

Walikuwa watatu. Dume kubwa lenye pembe kama kiti cha kifalme, jike lake, na pembeni, hatua sabini kutoka kwetu, dume changa la mwaka wa pili, pembe zake bado vijiti viwili, mgongo wake mpana na laini kama godoro. Hohepa angeangalia pembe. Parehuia hakulitazama lile kubwa hata mara moja. Aliangalia godoro.

Akasukuma komeo mbele, polepole, kiganja chake kimefunika chuma kisilie. Likaenda, likaenda, likasimama. Lilibaki upana wa kidole. Akasukuma tena. Likagoma.

Nikajua palepale. Niliiona rafu, niliiona mikebe, nikajiona mimi na fagio.

Akarudisha komeo, akaitoa risasi kwa vidole, akaiweka kwenye kofia yake chini. Ya pili ikapanda. Ikagoma vilevile. Dume changa likainua kichwa, majani yananing'inia mdomoni. Sisi tukawa visiki. Mbu alikaa kwenye kope yangu nikamwacha anywe.

Likainamisha kichwa.

Nilimgusa kisigino, nikamnong'oneza, "Mikebe. Nilichanganya mikebe."

Hakugeuka. Niliona tu masikio yake yakibadilika rangi. Kisha akachomoa magazini, akanipa bila kutazama, akatia mkono mfukoni. Macho yalibaki kwa mnyama. Mkono peke yake ndio uliofanya kazi. Nilisikia risasi zikigongana kidogo mfukoni, nikaona bega likitikisika kidogo, na ikanichukua muda kuelewa: alikuwa anapitisha ukucha wa dole gumba ukingoni mwa kila moja, anatafuta meno mawili ya panya. Moja akaiacha. Ya pili akaiacha. Ya tatu alisita, akapitisha ukucha tena, akaitoa.

Akaiweka kwa mkono mdomoni mwa tumbo la bunduki, akasukuma komeo. Likafunga kama mlango wa kabati zuri.

Dume changa lilikuwa limepiga hatua tatu kuelekea msituni. Hatua ya nne ingekuwa kwenye kangaga na kwaheri. Parehuia alivuta pumzi, akatoa nusu, akafyatua.

Lile kubwa na jike lake waliondoka kama mawe yanayoporomoka. Dume changa liliruka mara moja, likaenda urefu wa basi la Parehuia, likalala.

Parehuia aliweka mkono juu ya mnyama, kama afanyavyo siku zote. Akatoa maini na moyo, akavitundika. Ndipo akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa.

"Mzee Viatu, jana ulipitisha zote?"

"Tatu."

"Tatu."

"Mvua ilikuwa inanyesha."

Alifuta kisu kwenye majani, upande huu, upande ule. "Basi miguu ya nyuma utabeba wewe. Yote miwili. Na mgongo."

Nilibeba. Saa tano na nusu za kushuka, nikiwa na miaka sitini na nane. Sikulalamika hata mara moja, na hiyo ndiyo mara pekee maishani mwangu.

Jioni nyama ilikuwa kwenye ndoano ya jikoni, usiku mzima umebaki kabla ya muda wa kamati. Tamehana aliletwa kwa kushikwa mkono. Akapapasa mgongo, akabonyeza mafuta, vidole viwili vya unene. Akatafuta tundu la risasi, akalipata nyuma kidogo ya bega, akaingiza kidole kidogo, akazunguka upande wa pili akapata la kutokea. Bega zima, bila hata doa la damu iliyovilia.

"Ngapi?" akauliza.

"Moja, Baba."

Alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili ile inayotetemeka, akaegesha paji lake la uso na pua yake kwenye uso wa binti, salamu ya kwetu, wakakaa hivyo mpaka wapishi wakaacha kumenya viazi.

Ndipo nikasema yangu, mbele ya wote, habari ya mkebe na skrubu na mvua. Nilitarajia kufukuzwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeniletea mdogo wangu ndani ya mkebe wangu," alisema. "Tulilala kitanda kimoja miaka kumi na miwili, akinipiga mateke. Amezoea."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wazee wa pwani waliketi mstari wa mbele, na sahani ya kwanza ilitoka jikoni mikononi mwa Parehuia mwenyewe, aproni bado ina unga, nyuma yake mboga za watercress zinazoota mitoni na viazi vikuu vyekundu. Mzee mmoja wa wageni alikata, akatafuna, akakata tena kabla hajameza. Akamuuliza Tamehana kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Nani siku hizi anapanda mlima kwa ajili ya nyumba yako?"

"Umemsimamisha na sahani mkononi," Tamehana alijibu. "Mpishe njia, ana wengine wa kuwalisha."

Niliangalia watu wetu. Mgongo wa kila mmoja ulikuwa umenyooka. Hata mimi, ambaye mgongo wangu ulikuwa umekufa tangu Alhamisi.

Wageni walipoondoka, Hohepa alikuja bandani akasimama mlangoni. Safari hii mdomo ulikuwa umepumzika. Mkononi alikuwa na bunduki iliyofungwa kwenye shuka, vumbi kila mahali. Ya baba yake. Ilikuwa nyuma ya kabati miaka minane.

Parehuia alikuwa amepanga risasi tisa mezani, tatu upande mmoja, sita upande mwingine. Akamsogezea zile sita.

"Nimejaza mimi, kwa hiyo za kupelekea sahani si zako," akasema. "Za kupelekea watoto wako kitoweo, ni zako."

"Dada, sikuuliza."

"Najua. Toka nje uzipitishe. Zote. Usimpe Viatu."

Akatoka, akaelekeza kwenye kilima. Mzee Tamehana kwenye kiti chake aligeuza sikio upande wa mlango. Ya kwanza ikaingia, komeo likafunga, sauti yake nzito kidogo kuliko ya bunduki ya nyumba hii, kama mtu anayeweka kikombe mezani kwa nguvu.

"Eruera huyo," mzee akasema.

Hohepa akafungua, akatoa, akatia ya pili. Tulizihesabu kwa masikio mpaka ya sita. Kisha mimi nikainuka, nikamwaga skrubu zangu kwenye kofia, nikafuta mkebe wa kijani kwa shati langu na kuurudisha kwenye rafu, mahali pake.